Ushirikiano Gani, Mjukuu Wangu?

Festo mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Litembo hatujambo, kahawa imeanza kuiva. Shangazi yako kanisomea kwenye simu barua pepe ya kuomba kazi unayotaka kumtumia yule meneja wa Dodoma. Unaniuliza kama mwisho wake unafaa: "Natanguliza shukrani kwa ushirikiano wako." Ushirikiano gani?

Nilipokuwa msichana, baba alinituma Kihagara, kule ziwani, nikamwombe mjomba aje kupokea posa ya dada yangu. Bila mjomba posa isingepokelewa. Nilikula samaki wake, nikampa salamu za kila mtu, lakini kuomba nikaona aibu. Wakati wa kuaga nikasema, "Mjomba, tutashukuru kwa msaada wako." Akajibu, "Haya mwanangu, karibu tena."

Nilipofika nyumbani baba akauliza, "Anakuja lini?" Dada alikuwa mlangoni, anatabasamu, anasubiri jibu langu. Nikasema, "Sikumwomba aje." Baba ilibidi ateremke mwenyewe kesho yake, lakini ule uso wa dada sijausahau.

Basi mwandikie meneja, "Naomba kujua kama naweza kuja kwenye usaili wiki ijayo." Kisha weka jina lako na namba ya simu, inatosha.

Nami miaka yote nakumalizia barua kwa "tunakuombea, usiwe na wasiwasi." Ni aibu ileile ya Kihagara. Festo, nakuomba uje Krismasi. Niambie siku unayopanda basi, nije kukupokea stendi Mbinga.

Bibi yako