Shakwe Wasiopiga Kelele

Jumatatu, 4 Machi 1974
Zamu ya asubuhi tena. Koleo, tope, ukingo wa bwawa la maji ya kiwanda. Mvua. Shakwe wameshuka hapa, kundi zima, migongo myeusi. Kwetu Moba hukaa ziwani msimu wa mvua wakila dagaa, kisha mwezi huu hurudi kaskazini. Humu hakuna hata chura. Wamechoka tu.

Jumatano, 6 Machi
Wengi wameondoka. Waliobaki wako kimya. Shakwe mzima hanyamazi, hugombana, hunyang'anya mwenzake chakula mdomoni. Hawa wamekaa kama kuku anayeatamia. Kalonji, mwenzangu wa koleo, mtu wa Kasai, amewasogelea. Hawakuruka. Anasema wamezoea watu. Nikamwambia wanaumwa, maji haya yanatoboa viatu. Akacheka mbele ya wote: "Weye muntu ya ziwa, hawa ndege ni bashemeki yako?" Yaani mashemeji zangu.

Alhamisi, 7 Machi
Kalonji amebeba wawili ndani ya koti. Mke wake amejifungua juzi, anataka mchuzi ili maziwa yatoke. Kapita, msimamizi wetu wa zamu, aliniambia wakati naoga. Nikakimbia hadi kwake Kikula. Kitovu cha mtoto hakijaanguka, kwa mila mwanaume wa nje haingii. Nikaita kutoka uani. Hakutoka mtu. Nikasikia kijiko kinagonga sufuria. Nikaingia. Mama mzazi alikuwa ameshika bakuli. Nikampokonya, nikamwaga sufuria yote juu ya mbabula, jiko lao, makaa yakazimika. Mama mkwe wa Kalonji akapiga yowe. Kalonji akanitoa kwa shingo. "Mutoto akikufa, ni weye!"
Mikono bado inanuka mchuzi. Sijutii. Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi
Kalonji ameomba zamu nyingine. Kambini kwa wafanyakazi hawanisalimu. Leo mtoto ana homa. Wanasema niliingia na mkosi. Nimekaa kitandani na viatu miguuni. Sijui niende wapi. Moba ni mbali.

Jumatano, 13 Machi
Shakwe wote waliobaki wamekufa. Kapita alitaka wazikwe kwa sababu ya harufu. Kalonji naye aliitwa. Tulichimba shimo moja. Akamgeuza mmoja kwa koleo. Mdomo ulikuwa wazi, koo limebabuka kwa yale maji. Alimtazama muda mrefu.
Homa ya mtoto imeshuka. Hakuna anayejua kwa nini, hata mimi.
"Ananyonya," Kalonji alisema.
Nikasema vema. Tukafukia. Mvua ilikuwa imekatika, nikaanika shati.