Springi ya Mkwe

Woodbridge, Virginia

Dada yangu mpendwa Aika,

Shikamoo dada. Natumaini u mzima, na mgongo umepunguza makali tangu mvua ziishe. Kahawa imechanua? Sisi huku hatujambo. Baridi inabisha hodi na mke wangu ameshatoa makoti kabatini.

Uliniuliza kwenye simu mbona siku hizi simtaji Mzee Dale, baba mkwe wa binti yetu Neema, nami nikageuza mazungumzo. Leo nakueleza, na katika kesi hii mshtakiwa wa kwanza ni wewe.

Baada ya harusi, mzee yule alinishawishi niunde bunduki yangu mwenyewe, kipande kwa kipande, ili twende kuwinda swala pamoja. Usishtuke, huku ni jambo la kawaida. Nilipokaribia kumaliza akaniletea zawadi: springi ya kukaa ndani ya kitako, ngumu kweli kweli. Nikaipokea kwa mikono miwili na kuifunga mbele yake.

Bunduki ikawa inapiga risasi moja tu, inakwama. Ukishafyatua, chuma cha ndani kinatakiwa kirudi nyuma, kiteme ganda tupu, kisha kisukume risasi ya pili mahali pake. Changu kiliishia njiani. Mimi ni fundi wa lifti, dada. Nilijua siku ile ile kwamba ile springi ni ngumu mno. Ila nikakumbuka maneno yako wakati wa posa: "Zawadi ya mkwe haikataliwi, haigeuzwi, haisemwi." Basi nikabadilisha kila kitu kingine: mafuta, magazini ya kuwekea risasi, aina ya risasi. Jirani yangu Kamau, Mkenya, alinisindikiza uwanja wa shabaha mpaka akachoka.

"Buda, si utoe tu hiyo springi?"

"Ni ya mkwe."

"Kwani mkwe ndiye anapiga ama ni wewe?"

Nikanuna. Tangu hapo kila Mzee Dale akinialika nina udhuru: kazi, mafua, gari. Ningeendaje na zawadi inayomuumbua mbele ya ndugu zake? Mara Neema akaanza kuja kwetu peke yake, bila mume. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba kwa wakwe kumepoa na yeye amechoka kunitetea. Dada, niliumia sana.

Jumamosi nikaenda kwa Mzee Dale na bunduki. Mzee akaichukua bunduki yangu, akapiga, ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama. Akatoa risasi zote, akafungua kitako na kuichomoa ile springi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii ndiyo imekuzuia kuja?"

Nikamweleza yote, hadi maneno yako. Akakaa kwenye benchi, akavua kofia.

"Mimi nilidhani humtaki mwanangu," alisema. "Hata mke wangu nimemwambia hivyo. Ungesema tu kwamba haifai, ningejua unaniona ndugu."

Akatafuta springi laini kwenye sanduku lake, tukaifunga pamoja, na bunduki ikamaliza magazini nzima bila kusita. Jioni Neema akaja na mumewe, wakafagia wali wote mpaka mke wangu akapika tena.

Nisalimie shemeji, mwambie miwani yake nimeshainunua. Msalimie Baba Mdogo, na mama mchungaji anayetuombea.

Sasa jiandae. Krismasi tunakuja na Mzee Dale hapo Moshi. Ameomba mwenyewe awaone. Najua utampikia mtori. Akionja na kusema chumvi imezidi, usinune, dada yangu, wala usikimbilie jikoni. Mshike mkono. Hapo ujue ameshakuwa ndugu yako.

Mdogo wako akupendaye,
Elirehema