Unga wa Kuhamia Nachingwea

Jumatatu, 2 Oktoba 1950

Duka limefungwa. Mwenyewe amehamia Lindi na kila kitu chake, mpaka mizani, na milango imepigiliwa mbao. Severini amerudi mchana na cherehani kichwani. Miguu yake ya chuma ataifuata kesho, ni mizito. Miaka kumi na moja ameshona kwenye baraza ile! Nguo zote za Pasaka za Mbekenyera zimepita mikononi mwake, na kanzu za Idi pia. Ameitua cherehani, amekaa, ameuliza kama kuna chakula. Basi, hilo tu. Mume wangu ndiye huyo. Nyumba ikiwaka moto atauliza kwanza kama ugali umeiva.

Hapa hakuna duka jingine la vitambaa, na fundi hashoni hewa. Lazima tuhame kabla mvua hazijaanza.

Mimi napajua pa kwenda. Nachingwea, kwa mwanangu.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimempelekea Fidelis barua. Nimeiandika mwenyewe, kurasa mbili, mwandiko wa masista wa Ndanda — darasa la nne lile halikupotea bure. Katika ukoo wetu mwanamke wa kuandika ni mimi peke yangu, na wanaume ni wawili, tena mmoja herufi zake zinalala.

Fidelis ana miaka ishirini na moja na anaendesha trekta la minyororo kwenye mashamba ya karanga. Siyo lile dogo. Lile kubwa, la kung'oa miti! Mti ambao babu zake wangeuhangaikia siku mbili, yeye anausukuma tu. Nilisema hivyo kisimani leo, sikusema kwa kujivuna, nilikuwa naeleza. Jirani yangu Mwamini, ambaye ni mtani wangu na hajui kunyamaza, akaniuliza mbele ya watu: "Mama Fideli, hilo trekta mwanao analiendesha, au ndilo linalomwendesha?" Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Nikamjibu kwamba wanawe yeye wanaendesha mbuzi, na mbuzi wenyewe hawawasikii. Wakacheka tena. Lakini walianza kucheka kwa la kwake.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya sala amekuja Bwana Abdala wa Ruangwa, mnunuzi wa ufuta. Amefungua duka la vitambaa pale sokoni na hana fundi. Amemwambia Severini: baraza ipo, pana, ina kivuli tangu saa nne, na nyuma kuna vyumba viwili. Aje tu na cherehani yake.

Severini alisema atafikiri. Nilimtazama usoni. Ameishi na watu wangu tangu aliponioa, kama ilivyo desturi yetu Wamwera, mwanamume humfuata mke. Dada zake wako Likunja, karibu na Ruangwa, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chakula. Hakuwataja. Lakini alipokula jioni alimaliza na ukoko.

Ruangwa! Siku ya gulio watu wamejaa, kesho yake mbwa peke yao. Mtu akipiga chafya upande huu, upande wa pili wanauliza ni mtoto wa nani anaumwa. Nachingwea ni mji. Reli imefika, umeme upo, wazungu wapo, mishahara kila mwezi. Nimemwambia hivyo. Amesema ndiyo. "Ndiyo" ya Severini haina maana yoyote.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimerudi jana kutoka Nachingwea. Nilikwenda Jumanne kwa lori, peke yangu, kuangalia kwa macho.

Nianze na mwanangu. Amenenepa! Amevaa ovaroli, mikono myeusi kwa mafuta, watu wanamwita Dereva. Alinikumbatia mbele ya wenzake bila kuona haya. Nikatoa chozi kidogo, nikasema ni vumbi. Na vumbi lipo kweli, jekundu, linaingia mpaka kwenye meno.

Taa zinawaka zenyewe kwenye nguzo. Garimoshi nimeliona. Watu wa kila kabila, hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Siku ya kwanza nililipenda jambo hilo. Siku ya pili nilianza kuwaambia bila kuulizwa.

Trekta lake amenionyesha. Limesimama. Na mengine mengi yamesimama, safu nzima, mawili majani yameota katikati ya minyororo. Nikauliza. Akasema wanangoja vipuri. Nikasema sawa.

Sokoni mwanamke mmoja Mmakua alikuwa anauza kitanda, kinu, sufuria, mpaka chandarua. Mumewe amepunguzwa kazi. Katika mstari wao wa nyumba wamepunguzwa wanne wiki moja. Nikamwambia mimi ndiyo nataka kuhamia. Akanitazama vizuri, akasema, "Basi nunua sufuria, mama, mimi narudi kwetu." Nikanunua. Ni nzuri, ina mfuniko.

Fidelis anasema madereva hawapunguzwi. Anasema atatutafutia chumba. Mafundi cherehani nimewahesabu, ni saba. Severini nimemwambia watatu.

Jumanne, 24 Oktoba

Kaka yangu Kipriani amekuja. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto, na mwenye neno katika mambo ya ukoo, kwa hiyo hakuna kuhama bila yeye. Nilimweleza yote. Nachingwea, chumba, mishahara, mpwa wako Fidelis ni dereva. Alisikiliza huku anachokonoa jino. Mwisho akasema ataweka unga, wazee waseme.

Padri hapendi mambo haya. Padri hakuulizwa.

Alasiri tukaenda kwenye msolo wa babu, mti wetu wa tambiko, nyuma ya mashamba. Mimi nilikaa mbali kidogo nimeshika chungu, Severini akashika bakuli la unga karibu na kaka. Kipriani akavua viatu, akachuchumaa, akawa anauachia unga wa mtama polepole kati ya vidole mpaka ukawa kilima kidogo chenye ncha kali. Anasema na wazee chinichini huku akimimina. Mimi nilisikia majina yao tu, maana palipo na wanaume wawili mwanamke hasogei kusikiliza. Kisha tukaufunika kwa chungu. Ncha ikisimama mpaka asubuhi, wamekubali. Ikibomoka, wamekataa.

Jumatano, 25 Oktoba

Naandika haraka kabla sijapoteza ujasiri.

Asubuhi kulipokucha nilitoka kwenda kuteka maji. Severini alikuwa uani ananawa uso. Nikapita njia ya msolo, ingawa siyo njia ya kisimani. Nikainua chungu.

Umebomoka! Ncha haipo, upande mmoja umemwagika wote.

Mawazoni nilimwona Fidelis na ovaroli lake. Nikapiga magoti, nikaukusanya unga kwa viganja, nikaupandisha, nikaubana, ncha nikaitengeneza kwa vidole viwili kama mtu anayefinyanga. Mikono ilimaliza kazi kabla kichwa hakijakubali. Nikarudisha chungu, nikapangusa mikono kwenye kaniki, nikaenda kisimani kama Mkristo mwema.

Saa moja Kipriani akaja, akafunua mbele yetu wote. Ncha imesimama. Akapiga makofi mara tatu, akasema wamekubali. Mwamini naye, ambaye si wa ukoo na hakuitwa, akapiga kigelegele.

Tukakaa kunywa uji. Kipriani akamgeukia Severini: "Shemeji, mwambie dada aandike barua kwa Abdala, afagie baraza."

Nikauliza Abdala wa nini, si tunakwenda Nachingwea?

Kaka akanishangaa. Akasema, "Wazee wetu walikufa Nachingwea ikiwa pori. Niwaulize mahali wasipopajua? Nimewauliza Ruangwa. Nikawaambia, kama Ruangwa ni pabaya kwao, bomoeni unga, waende huko kwenye matrekta. Hawakubomoa."

Nikaweka bakuli la uji chini.

Walibomoa! Walisema niende kwa mwanangu, mimi nikawafinyanga upya kwa mikono yangu.

Jumamosi, 28 Oktoba

Siku ya tatu sijasema. Mwamini ameuliza kama naumwa, maana tangu Jumatano sijamtaja Fidelis. Nikamtaja mara mbili ili aondoke.

Nikisema, Kipriani atataka pombe ya kuwatuliza wazee na jogoo mweupe, hayo si kitu. Lakini kijiji kizima kitajua, na Mwamini atakuwa na la kusema kisimani mpaka Goreti binti yangu apate wajukuu.

Nimejaribu kuwaza kama masista. Kama unga ni unga tu, basi sikumkosea mtu, nimechezea chakula. Pengine ni panya. Lakini kama ni unga tu, kwa nini nilikwenda kuutazama? Na kwa nini leo mchuzi nimeutia chumvi mara mbili?

Barua ya Abdala nimeiandika. Nani mwingine angeiandika? Imetoka vizuri, hata yeye ataona amepata fundi mwenye mke. Ya Fidelis sijaianza.

Severini amepaka cherehani mafuta, akaifunga kwa blanketi. Anaimba. Miaka yote hii sikujua anajua kuimba.

Alhamisi, 9 Novemba

Barua kutoka kwa Fidelis. Hajui lolote juu ya Ruangwa, kwa sababu mama yake hajamwandikia.

Amepata chumba. Amekipaka chokaa mwenyewe, kuta zote na mlango. Amemnunulia baba yake kiti cha kushonea, cha mbao, chenye mgongo. Mimi ameniwekea msumari wa kutundika sufuria yangu mpya. Mwanangu! Nani mwingine anakumbuka msumari?

Mwishoni, kwa maandishi madogo: trekta lake limepelekwa kwingine, na yeye kwa sasa yuko karakana, anaosha vyuma.

Nimesoma mstari huo mara nyingi. Kisimani nimewaambia amepandishwa, yuko karakana. Mwamini hakutania. Alisema tu, "Mungu amlinde, Mama Fideli," akaniinulia ndoo kichwani. Ningependa zaidi angetania.

Jambo hili silielewi vizuri. Mwezi uliopita nilitaka Nachingwea kwa sababu yeye ni mkubwa kule. Leo naitaka kwa sababu anaosha vyuma, na jioni anarudi kwenye chumba cheupe kukitazama kiti kitupu.

Jumatatu, 13 Novemba. Ruangwa

Naandika nimekaa juu ya sanduku, mbele ya duka la Abdala.

Tumeondoka nyumbani asubuhi na lori la mihogo. Linapita hapa, kisha linaendelea Nachingwea. Goreti amebaki kwa mjomba wake mpaka tutulie. Kipriani alitusindikiza hadi barabarani, akatuombea safari ya Ruangwa kwa wazee, kila mmoja kwa jina. Nilitazama chini.

Baraza ni nzuri, sikatai. Pana, imefagiwa, kivuli kipo kama alivyosema. Tumekuta wanawake wawili wanangoja na vitambaa, wamesikia fundi anakuja. Dada mmoja wa Severini ametoka Likunja na kuku. Ameniita wifi kwa sauti ya soko zima.

Tumeshusha sanduku, magodoro, kinu, sufuria. Cherehani bado iko juu. Nikamwuliza Severini mbona haishuki. Akamwambia dereva akale kwanza, akanivuta upande.

Akasema, "Nilikuona kwenye msolo."

Nikaitazama cherehani kule juu ya lori.

"Uliposhika njia ya msolo nilikufuata, nikakuona unaupandisha unga. Na nilikuwa nimesikia alichouliza Kipriani."

Nikamwuliza kwa nini alinyamaza. Severini hasemi maneno mengi, kwa hiyo nayaweka hapa yote. Alisema, "Nimekaa kwenu miaka ishirini na mbili. Sikulalamika hata siku moja. Asubuhi ile nikaona mke wangu ananipeleka kwetu kwa mikono yake mwenyewe, ingawa hajui. Nikasema acha apeleke." Kisha akapangusa uso. "Lakini ulinisomea barua ya mtoto. Kile kiti. Tangu hapo siimbi, hujaona?"

Nilikuwa sijaona. Nilikuwa nahesabu dhambi zangu mwenyewe.

Nikasema mafundi wa Nachingwea si watatu, ni saba. Akasema alijua, aliwauliza madereva. Nikasema watu wanauza vitanda kule. Akasema hilo pia amelisikia. Nikasema basi hapa ndipo penye akili, fundi ale, na mtoto akipunguzwa apate pa kurudi. Akasema ndiyo. Nikasema lakini nani atamwambia kwamba chumba amekipaka bure? Akasema ndiyo.

Mara hii nilijua kila "ndiyo" ina maana gani, na haikunisaidia.

"Wazee walisema yao," akasema. "Kipriani alisema yake. Mimi nilishasema kwa kunyamaza, nikakosa. Sasa sema wewe. Ukisema ishuke, naishusha. Ukisema iende, tunapakia sanduku."

Amekwenda kukaa na dada yake. Hanitazami. Mmoja wa wale wanawake amenisogelea, ameuliza kama mimi ndiye mke wa fundi, na kama gauni litakuwa tayari gulio lijalo. Nimemwambia angoje kidogo. Amekaa chini, amekunja kitambaa mapajani, anangoja.

Abdala anauliza kama tunahitaji watu wa kusaidia kushusha.

Dereva amemaliza kula. Ananawa mikono.