Nilimtoa Baharini, Sasa Naambiwa Nimshukuru

Bi Mishi mpendwa,

Naomba msaada wako kabla sijamtukana mtu mbele ya mama yake mzazi, maana nimefika mahali ambapo hata nikimsikia anapanda ngazi natetemeka kwa hasira, na mimi si mtu wa hasira, uliza yeyote aliyenilea kule Msambweni.

Mimi ni mwanafunzi wa famasia, mwaka wa pili, naishi Kilburn katika chumba kilicho juu ya duka la mama mmoja Mhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pritesh. Huyu mama alinipokea nilipofika Landani katikati ya baridi nimevaa viatu vya wazi, akanipa soksi za mumewe kabla hata hajaniuliza jina, na tangu siku hiyo ananiita mtoto na kunipikia na kunigombeza kwa Kiswahili chake cha Kisumu. Sina baya hata moja la kusema juu yake, na hapo ndipo taabu yangu ilipo. Mwanawe Pritesh ni wa rika langu, tunakaa nyumba moja, tunasoma chuo kimoja, yeye kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza.

Wiki yangu yote ni treni, maabara, maktaba, mvua, na kumsaidia mama kupanga unga na viungo dukani. Kitu kimoja tu ndicho hunifanya nijisikie mzima, nacho ni klabu ya chuo ya kuteleza juu ya mawimbi. Tunakodi minibasi tunakwenda Cornwall, tunavaa suti za mpira za kufunika mwili mzima na kofia yake, maji ni ya baridi hadi meno yanauma, lakini wimbi ni wimbi, na mimi nimekua nikiteleza juu ya mawimbi kwa kipande cha mlango uliovunjika pamoja na kaka zangu. Pritesh ndiye aliyenibembeleza nimwingize klabuni, nikamwingiza.

Mwezi wa kumi tulikwenda huko, msimu wa waokoaji wa ufukweni ulikuwa umekwisha, na kapteni wetu, Emma, alitukusanya akatuonyesha mahali ambapo maji yanaonekana yametulia katikati ya mawimbi, akasema hapo pasiingie mtu, hapo ndipo mkondo unaporudi baharini. Pritesh wakati huo alikuwa anapiga picha ubao wake wa kutelezea. Akaingia palepale. Kamba inayoufunga ubao mguuni ikakatika, ubao ukaenda zake, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nikaona kichwa chake kinakwenda nje badala ya kuja ndani.

Nilipomfikia alikuwa ameshakunywa maji, macho yamemtoka, akanirukia shingoni akanizamisha, nikaibuka nikampiga kofi, Bi Mishi, kofi la kweli, nikamwambia, "Shika ubao, usinishike mimi," na siku ile Kiswahili alikielewa. Nikamlaza juu ya ubao wangu. Sikushindana na mkondo, niliuacha utuchukue mpaka ulipolegea, kisha nikaogelea kwa upande nikimsukuma hadi mawimbi yakatupokea na kuturudisha ufukweni. Tulipogusa mchanga miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi, nikaanguka kwenye maji ya magoti. Yeye alikuwa amelala juu ya ubao muda wote, kwa hiyo alikuwa na nguvu za kusimama. Akanishika mkono akaniburura hadi pakavu, na hapo ndipo wenzetu walipofika mbio, mmoja akiwa na simu mkononi anarekodi.

Video ndiyo hiyo. Inaonyesha mwanamume anamtoa mwanamke baharini. Watu wakampigia makofi, mimi natapika maji ya chumvi, nikingoja aseme. Hakusema. Ndani ya minibasi wakamwuliza ilikuwaje, akasema yote yalitokea haraka sana, na mpaka tunafika Landani hadithi ilikuwa imekamilika: mimi nilizidiwa, yeye akaniona, akaja. Rafiki yangu Armelle, Mkongo wa Bukavu anayekaa Stratford, hajui kuogelea, yeye huja kwa ajili ya safari tu, alikuwa ameketi juu ya mwamba na aliona kila kitu tangu mwanzo. Alitaka kusema palepale. Mimi nikambana mkono nikamwambia anyamaze, nikidhani Pritesh ana aibu tu, kesho atasema mwenyewe.

Kesho yake mama yake alinijazia dengu sahani nzima akaniambia mezani, "Wewe mtoto, bila huyu leo tungekuwa tunakurudisha kwenu kwenye sanduku," akalia, na baba yake Pritesh, mzee ambaye sijawahi kumsikia akimsifu mwanawe kwa lolote, akamwekea mkono begani. Pritesh akatazama sahani yake. Kisha Mama Pritesh akampigia mama yangu Msambweni akamweleza, na mama yangu, ambaye tangu hapo ananiapisha kila siku nisikanyage bahari tena, akampa mtu anayesafiri kikoi kizuri na halua amletee mwokozi wangu. Nani alitumwa kuvipokea Stratford? Mimi. Nimekaa kwenye treni na mzigo mapajani, nimemkabidhi kwa mikono yangu, akavaa kikoi, akapigwa picha.

Nilimbana stoo, katikati ya magunia ya mchele.

"Utasema lini?"

Akajibu kwa Kiingereza kwamba nimpe muda.

"Muda wa nini, Pritesh? Wewe hukuokoa mtu."

Safari hii akasema kwa Kiswahili, akijikwaa kila neno, "Baba hajawahi kuniangalia hivi. Hata siku moja." Akapita akarudi dukani.

Na klabu nayo, usinichekeshe, imemfanya kiongozi wa usalama wa wanafunzi wapya, Jumamosi ya wiki ijayo ndiye atakayewaingiza majini, na mimi nimeandikiwa kwa upole kwamba nirudi maji ya magoti nikaanze masomo upya, mimi niliyejua kuyasoma maji kabla sijajua kusoma kitabu. Sasa Jumapili hii Mama Pritesh anafanya karamu ya kumshukuru Mungu, jamaa zake watatoka Wembley na Harrow, mama yangu atakuwa kwenye simu ya video, na nimeombwa niseme maneno machache ya shukrani.

Bi Mishi, niseme maneno machache? Nimwumbue hapohapo mbele ya ukoo wake mzima, au ninyamaze, nifunge sanduku langu nihame? Nikae nikijua nimemtukana mama aliyenipa soksi, au nikae nikijua nimemeza uongo huu maisha yangu yote? Usilitaje jina langu, na hayo ya wengine nimeyabadilisha.

Aliyechoka Kushukuru,
Kilburn

*

Bi Mishi anajibu:

Mwanangu, pole. Nimeisoma barua yako nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye kikoi nilikuwa nimekasirika kuliko wewe. Umemtoa mtu kwenye maji, akakupanda shingoni, halafu ukapanda treni kumpelekea zawadi ya kukuokoa. Hiyo ni dhuluma, na yeyote atakayekuambia ni majivuno yako tu yanayokuuma, mwambie aje aongee na mimi.

Sasa nikugeukie wewe, na uvumilie.

Umenieleza kwa kirefu juu ya dengu, kikoi, picha na hotuba. Juu ya vijana wageni watakaoingizwa baharini na mtu asiyejua mkondo uko wapi, umeandika mstari mmoja, tena wa kulalamika kwamba wewe umerudishwa maji ya magoti. Mstari huo niliusoma mara mbili kwa sababu sikuamini. Huyu kijana alionyeshwa mahali pa hatari kwa kidole akawa anapiga picha ubao. Jumamosi ya wiki ijayo atasimama mbele ya watoto wa watu, wamwamini kwa sababu ya video, na akizidiwa tena wewe utakuwa umewekwa maji ya magoti, mbali. Nikuulize, mwenzako mmoja asiporudi, utaniandikia tena kulalamika kwamba heshima yako imeumia?

Barua yako haikuwa ya kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia Jumatatu. Hukupokea. Nikakuandikia ujumbe nikakwambia nenda kwa kapteni leo. Ulijibu, "Asante Bi Mishi, nitafikiria." Utafikiria nini? Ulipokiona kichwa chake kinakwenda nje ulikaa ukafikiria?

Basi jibu hili nakutumia kwenye simu leo hii, kabla halijachapishwa. Fanya hivi. Nenda kwa Emma, na uende na Armelle. Ulimbana mkono, mwachie. Uliye naye ni shahidi aliyeona tangu mwanzo, umemziba mdomo mwenyewe, halafu unalia kwamba hakuna anayeijua kweli. Usianze na nani alimwokoa nani. Anza na mkondo, kamba iliyokatika, na kwamba Pritesh hawezi kuongoza mtu yeyote majini. Hayo mengine yatafuata yenyewe.

Kisha mpigie mama yako wewe, kwa sauti yako, kabla Jumapili haijafika. Mama yako amekuwa akipokea habari za uhai wako kutoka kwa mwanamke wa Kilburn, na wewe umekaa kimya unamwacha ashukuru pasipostahili shukrani.

Pritesh, na yeye nina neno lake. Namhurumia. Kuishi miaka yote hiyo ukingoja baba yako akuwekee mkono begani, halafu uupate siku moja kwa kosa, ni vigumu kuurudisha. Naelewa kabisa kwa nini alinyamaza pale mchangani. Kunyamaza mezani kwa wiki kadhaa sikuelewi, na kuvaa kikoi cha watu nakuita wizi. Mwambie ana mpaka Jumatano amweleze mama yake mwenyewe, na wewe uwe chumbani mle. Asipofanya, utamweleza wewe, jikoni, mlango umefungwa, mkiwa wawili.

Karamuni usimwumbue. Si kwa ajili yake, kwa ajili ya mama aliyewaalika watu wa Harrow kwa furaha. Hastahili kuusikia uongo wa mwanawe mbele ya mawifi zake. Na usihame kimyakimya. Ukihama, atasema yule msichana hana shukrani, na kwa anavyojua yeye, atakuwa amesema haki.

*

Nimeongeza maneno haya Alhamisi, gazeti likiwa linataka kwenda mtamboni, kwa sababu binti amenipigia.

Alikwenda kwa Emma na Armelle. Armelle ndiye aliyesema zaidi, akamwambia kapteni, "Mimi sijui kuogelea, lakini macho ninayo." Emma aliwasikiliza mpaka mwisho, akamwita Pritesh, akamwuliza swali moja tu: aonyeshe kwenye picha ya ufukwe ule mkondo ulikuwa wapi. Hakuweza. Safari itaongozwa na mwalimu wa kukodi, na binti atakuwa msaidizi wake.

Mama yake Msambweni alipoambiwa alimtaka arudie yote tangu mwanzo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni wewe uliyekwenda kule nje kumfuata?" Binti akasema ndiyo. "Basi umezidisha. Usirudi tena huko." Mwanangu, hilo hukunilalamikia waziwazi, ulilicheka kwa uchungu, lakini sikia. Mama ameogopa, na kweli uliyomwambia imemwogopesha zaidi ya ule uongo. Mwache aogope. Usimwapie usichoweza kutimiza. Mwambie kila safari unapokwenda na kila unaporudi, na atazoea au hatazoea.

Na Pritesh alisema. Jana mchana, dukani, mama yake akimhudumia mteja na wewe ukipanga viungo. Alishindwa kungoja apate nafasi nzuri, akasema tu, kwa Kiswahili, baba yake akiwa nyuma ya kaunta. Mama Pritesh akamrudishia mteja chenji yake, akageuza kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, akamtazama mwanawe, kisha akakutazama wewe. Akakuuliza, "Na wewe umekula kwenye meza yangu wiki zote hizi umenyamaza?" Akapanda juu. Baba akaendelea kupanga sigara.

Unalia kwenye simu kwamba umesema kweli na bado mama amekukasirikia. Ndiyo, amekukasirikia. Nilikuambia useme kweli, sikukuambia utapigiwa makofi. Mtu anayekuita mtoto ana haki ya kukununia kama mtoto wake, na Pritesh anakula nusu nyingine ya hasira hiyo chini huko, usidhani uko peke yako.

Sasa kata simu. Osha uso, shuka, kamsaidie mama kufungua duka. Usijitetee, usimtaje Pritesh wala karamu ya Jumapili, hiyo ataiamua mwenyewe. Beba magunia, pima viungo, hudumia wateja. Akitaka kukugombeza, mwache akugombeze mpaka amalize.