Nafasi Yako Imepatikana

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumatano tarehe 16 mwezi wa nne, kuanzia saa 3:10 asubuhi
Kosa linalochunguzwa: Kushambulia na kujeruhi
Jina la shahidi: Limehifadhiwa katika jalada
Jinsia: Mwanamke. Umri: Miaka 34
Kazi: Mwandishi wa barua pepe za matangazo
Makazi: Nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Anaishi na mama yake mzazi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, nami nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu. Mwajiri wangu anajua nimekuja hapa, ila anadhani nimekuja kusema mengine.

Nina miaka mitano katika kampuni inayouza mikanda ya mgongo, mito ya shingo na mafuta ya magoti. Duka hatuna. Tuna chumba kimoja kirefu chenye meza sita, meza ya mapokezi mlangoni, birika la umeme juu ya kabati fupi, na ubao mweupe ukutani. Kwenye ubao tunaandika kila barua pepe tuliyotuma, na kati ya kila watu mia ni wangapi walioifungua. Wateja wetu wengi ni wazee. Kazi yangu ni kutunga vichwa vya barua, yaani yale maneno mtu anayoyaona kabla hajafungua. Kilichomo ndani hakinihusu sana, maana mtu akishafungua mimi nimeshashinda.

Mnamo mwezi wa tisa mwaka jana mama yangu alikuwa anasubiri upasuaji wa nyonga. Hospitali ikamwandikia barua pepe yenye kichwa cha maneno matatu: "Nafasi yako imepatikana." Mama alilia, akacheka, akaniita kwa sauti mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kuna nini. Mimi nilimpongeza, halafu nikabaki nayaangalia yale maneno. Kesho yake saa mbili na nusu asubuhi nikawa nimeyafikisha kazini. Ndani niliweka tangazo: nafasi yako ya kupata mto wa shingo kabla mito haijaisha.

Kati ya kila watu mia, sitini na wawili walifungua. Kabla ya hapo tukipata kumi na wanane tunashukuru. Mkurugenzi alinipigia makofi mbele ya wenzangu, akaagiza keki. Nikaila.

Afande ameniuliza barua zinahusikaje na birika. Zinahusika, naomba yaandikwe yote.

Chini ya kila barua yetu kuna neno "Jiondoe", dogo, la kijivu, la kutafutwa kwa miwani. Mtu akilibonyeza anaambiwa, "Asante, hutatusikia tena." Huo ni uongo mtupu. Tunachofanya ni kumtoa kwenye orodha kubwa na kumhamishia kwenye orodha nyingine, ambayo fundi wetu wa mitambo aliipa jina la Wazima. Alitueleza siku alipoipa jina hilo huku anacheka: asiyejibu kitu huenda amekufa au amebadilisha anwani, lakini anayebonyeza Jiondoe ni mzima, anasoma, tena ana hasira. Orodha kubwa inapata barua moja kwa siku. Wazima wanapata mbili, asubuhi na alasiri.

Mnamo tarehe 6 mwezi wa kumi na moja, saa nne na dakika kumi asubuhi, alikuja ofisini mzee mmoja, fundi saa mwenye kibanda karibu na posta. Dada wa mapokezi alikuwa ametoka, nikamsikiliza mimi. Mzee alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha, la kushoto lilikuwa linaona. Akaniambia, "Binti yangu, mimi nilinunua mto mara moja tu, kwa sababu ya kuinamia saa. Sasa mnaniandikia kila siku, na maneno yenu ni yaleyale ya kliniki ya macho." Kliniki ilikuwa imemwambia kwamba nafasi ya upasuaji ikipatikana ataandikiwa barua pepe, na asipojibu ndani ya siku tatu atapewa mwingine. Barua yetu ya kwanza ilipofika, mkewe alimvalisha koti wakaenda hadi getini pa kliniki. Waliambiwa hakuna kitu.

Nilimpa pole. Nikachukua simu yake nikabonyeza Jiondoe mbele yake, hali najua ninampeleka wapi. Alishukuru mpaka nikaona haya kidogo, si sana. Akaona saa yangu ya mkononi imesimama, akaniomba niivue. Aliifungua palepale kwenye meza ya mapokezi, akaitengeneza, akanirudishia, akakataa kupokea chochote. Afande ameniuliza mara mbili ninazijuaje saa hadi dakika. Nazijua kwa hii hapa. Haijakosea tangu siku hiyo.

Mnamo tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili, saa tisa kasoro dakika tano alasiri, alirudi. Sasa alikuwa anapata barua mbili kwa siku. Hakugomba. Alisema, "Labda siku ile ulibonyeza vibaya, binti. Hebu jaribu tena." Nikajaribu tena. Fundi wa mitambo alikuwa nyuma yangu ameuziba mdomo kwa mkono asipasuke kwa kicheko.

Jioni hiyo nilimwambia mkurugenzi kwamba huyu mzee aondolewe kabisa, anasubiri barua ya hospitali na sisi tunamchanganya. Akanijibu, "Ukimtoa mmoja watakuja wote. Tuma." Hiyo "tuma" ndiyo jibu lake kwa kila kitu, na asipokuwepo tunamwita Bosi Tuma. Lakini sitaki kujificha nyuma yake. Ningeweza kumtoa mzee bila kumwuliza mtu, ni kazi ya sekunde mbili. Sikufanya, na sina sababu ya maana ya kuwapa.

Yanayofuata aliyasema mkewe mwenyewe ofisini siku ya tukio, wakati mumewe amesimama pembeni yake. Ni kwamba yeye alichoka na barua zetu, akaiwekea simu ya mumewe amri kwamba kila barua yenye maneno yale iende moja kwa moja kwenye taka. Sisi tulijua watu wengi wanafanya hivyo. Ndiyo maana kila wiki fundi wa mitambo alibadilisha anwani inayotuma, na mimi nikawa nachezea maneno: naweka nukta katikati, naachanisha herufi, naandika "Na-fasi yako". Zetu zikapenya. Tarehe 3 mwezi wa pili kliniki ikamwandikia mzee kwa maneno yake ya siku zote, bila ujanja wowote, na hiyo ndiyo iliyonaswa. Ilikaa kwenye taka siku kumi na tisa, imelala pamoja na za kwetu za zamani. Mama huyo aliiona alipokuwa anafuta. Nafasi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Mwezi wa tatu mzee alikuwa haoni hata taa ikiwashwa.

Mnamo Jumatatu tarehe 14 mwezi huu, saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi, waliingia ofisini wote wawili. Ndani tulikuwa watu wanne: mkurugenzi, fundi wa mitambo, dada wa mapokezi na mimi. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Mzee alisimama akasubiri kuamkiwa, kwa sababu alisikia kuna watu. Hakuna aliyemwamkia.

Alirudia ombi lake lilelile. Alisema sasa simu inamsomea barua kwa sauti kwa kuwa haoni, na kila asubuhi na kila alasiri inatamka ndani ya nyumba kwamba nafasi yake imepatikana. Mkewe akaongeza, "Na kila ikisema anasimama. Anajua ni nyinyi, lakini anasimama."

Mkurugenzi alijibu kwamba mambo hayo yanafanywa na kompyuta, si mtu. Mzee akasema kwa utani, nadhani alitaka tuchangamke, "Basi nionyesheni hiyo mashine. Mimi ni fundi, nikishaishika nitajua ina ugonjwa gani."

Mkurugenzi akainuka, akatukonyeza. "Njoo mzee, uishike." Alimwondoa kwa mkewe, akampitisha kwenye meza mbili hadi kwenye kabati fupi, akauchukua mkono wake wa kulia na kuuweka juu ya birika.

Birika hilo nililiwasha mimi saa nne na dakika ishirini, nilitaka chai. Lilikuwa limechemka na kujizima wakati wanaingia. Kama mkurugenzi alijua ni la moto siwezi kuapa. Mimi nilijua. Tangu waanze kutembea hadi wafike kulikuwa na muda wa kutosha kusema neno moja. Sikusema. Nilicheka. Alikuwa anatembea kwa adabu, kidevu juu, kama anayekwenda kupokea zawadi, na mimi nikacheka wa kwanza, wenzangu wakafuata.

Afande ameniambia kicheko si kosa na si lazima kiandikwe. Naomba kiandikwe.

Mzee hakugusa kwa ncha za vidole. Alilishika kwa kiganja kizima, kwa kuwa alikuwa ameahidiwa mashine. Hakupiga kelele. Alisema "aa", akaurudisha mkono kifuani akaufunika na ule wa kushoto. Mkewe alimfikia mbio. Alisema, "Vidole ndiyo macho yake sasa! Anafungua saa kwa vidole! Mmemwachia nini?"

Mkurugenzi akamjibu, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mama, usitutafutie lawama. Barua ya kliniki si wewe mwenyewe uliyeitupa?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Yule mama alimwangalia, akaniangalia na mimi. Halafu akachukua birika akampiga mkurugenzi nalo mara moja, upande wa kushoto wa uso. Maji yakamwagika shingoni na begani kwake. Hakurudia. Alilirudisha birika mahali pake, akamfunga mumewe mkono kwa mtandio wake, wakakaa kwenye viti vya wageni hadi polisi walipofika saa tano na dakika mbili. Wakati wote huo hakuna kati yetu aliyempa mzee hata maji ya baridi ya kumwagia mkono. Bomba liko hatua nne kutoka mezani kwangu.

Jana saa mbili asubuhi mkurugenzi alitukusanya, bandeji usoni. Alisema, "Aliingia, akachukua birika, akanipiga. Hakuna aliyemgusa mzee. Semeni hivyo hivyo, msipambe." Kisha akanigeukia mimi peke yangu akanikumbusha kwamba mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Alipomaliza akauliza kama kichwa cha barua ya leo kiko tayari. Kilikuwa tayari.

Nimelala na haya siku mbili. Mama yangu, ambaye sasa anatembea vizuri kwa nyonga yake, aliniuliza jana mbona sili. Nikamwambia kazi nyingi. Sijamwambia kwamba yale maneno matatu niliyatoa kwenye simu yake, na sijui nitamwambia kwa mdomo gani.

Leo saa moja na robo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilipitia ofisini nikafungua orodha ya Wazima, nikamtoa mzee. Ni kweli zilikuwa sekunde mbili.

Mama yule alichokozwa. Mumewe aliunguzwa mbele yake, kisha yeye mwenyewe akatukanwa kwa jambo ambalo sisi ndio tuliomfanyia. Yeyote atakayesema aliingia tu akapiga ni mwongo, na mimi nilikuwa naandaliwa kuwa mmoja wao. Mzee yuko kwenye benchi la kaunta, nimempita wakati naingia. Nimepita kwa vidole vya miguu ili asinisikie.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya. Nimesomewa yote, ni sahihi, na sina ninalotaka liondolewe.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa) saa 5:35 asubuhi, kwa saa yake mwenyewe

MAELEZO YA MWANDISHI

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na kumsomea shahidi kabla hajaweka sahihi. Yanapingana na ya mashahidi watatu wa ofisi hiyo, ambayo yanafanana neno kwa neno. Mtuhumiwa ataendelea kushikiliwa hadi mkuu wa upelelezi atakapoyapitia.

Shahidi aliomba ampeleke nyumbani mume wa mtuhumiwa, asiyeona, aliyekuwa kaunta tangu saa moja na nusu asubuhi. Nilimruhusu. Mzee alimshika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa na bandeji. Vidole vyake vilipogusa saa alitabasamu, akauliza, "Ni wewe, binti uliyenisaidia? Bado inakwenda vizuri?" Shahidi akajibu haijakosea. Kisha aliinama akamweleza jambo kwa sauti ya chini. Sikulisikia lote, nilisikia neno Wazima.

Mzee aliuachia mkono, akapapasa benchi, akakaa. Alisema atamsubiri mkewe. Shahidi aliondoka peke yake.

Nimefunga jalada saa 6:20 mchana. Mzee bado yupo. Kila mlango wa mahabusu ukifunguliwa, anasimama.