Wazee Wenye Tatizo la Kuanguka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, mwenzio nimefika mwisho. Naishi Kibosho kwa wazazi wa mume wangu Leodegar, yeye ndiye kitindamimba aliyeachiwa kihamba, shamba la ukoo, kwa hiyo mama yake tunaye sisi. Mwaka jana mama aliteleza mara mbili akipeleka majani kwa ng'ombe, akainuka, akajifuta, akacheka. Basi mwezi wa tano mwaka huu wa 1998 katekista akatangaza baada ya misa kwamba wazee wote wenye tatizo la kuanguka wajiandikishe, nesi atawafundisha kila Jumatano ukumbini, mimi nikashtuka, maana huku ukisema mtu ana tatizo la kuanguka umeshasema ana kifafa, na binti yetu Gladys amechumbiwa na watu wa Marangu waliokuwa bado wanaulizauliza habari za ukoo wetu. Jumatano mama alivaa kitenge chake kizuri na raba, nikamzuia mlangoni nikamwambia, "Mama, ukionekana kule watasema nyumba hii ina kifafa, Gladys ataolewa na nani?" Akanitazama, akasema, "Haya, mama Gladys," akakaa akavua raba.

Wiki ya tatu alianguka akivuka mfereji, nyonga ikavunjika, daktari anasema kutembea tena ni bahati. Kuja kuuliza, kumbe kule wanafundishwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu na kusimama kwa mguu mmoja, kifafa hakijatajwa hata siku moja. Kinachoniua, mshauri, ni kwamba Leodegar anamgombeza mama yake kwa ubishi, na mama anajibu, "Ni kweli, nilikataa mwenyewe," mimi nimesimama pale pale na bakuli la mtori wa ndizi. Nesi amejitolea kuja kumfanyisha mazoezi kitandani, mama anageukia ukutani, anasema Gladys hajaolewa bado. Anazidi kukonda. Nikisema ukweli mume wangu atanifukuza, nikinyamaza mama atakufa akinificha. Nifanye nini?

Salvina, Kibosho

MSHAURI ANAJIBU

Salvina, nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika. Pole, najua hukufanya kwa chuki, na aliyetunga lile tangazo naye ana lake la kujibu. Angesema wazee waje kuimarisha miguu, tusingefika hapa. Lakini nesi yupo, ukumbi upo, ulishindwa nini kuuliza? Uliogopa midomo ya watu wa Marangu kuliko ulivyoijali mifupa ya mama wa watu.

Sasa usinililie mimi. Kata jani la isale, lile la kuombea msamaha, hapo kihambani, umshikishe mama mkononi, umwombe msamaha. Mnajua wote wawili kwamba isale halikataliwi. Usianze kujitetea na habari za Gladys. Kisha mwite Leodegar mbele ya mama, useme nani alimzuia. Akifoka, mwache afoke, amemgombeza asiyestahili. Nesi aje kesho, mlango ukiwa wazi, majirani waone. Wakwe wanaokimbia kwa sababu bibi kavunjika nyonga, waacheni wakimbie.

Siwezi kukuahidi kwamba atatembea. Nyonga ya umri ule mara nyingi hairudi, na utaishi na hilo. Ila mama ni mgonjwa, na bado ndiye anayebeba kazi ya kukuficha. Mpumzishe. Mgeni atakayekuja kumpa pole akiuliza kwa nini hakwenda ukumbini, jibu wewe, kabla yeye hajafungua mdomo.