Mtoto Aliyelala Kukingama

Kamenu, Thika. Jumatano, mwezi wa Julai. Baridi kali, na manyunyu ambayo hayajapumzika tangu alfajiri.

Ninaandika nikiwa nyumbani kwa binamu yangu, viatu vimelowa, moyo umetulia kuliko nilivyotarajia. Mke wangu Wanjiru amelazwa hospitalini hapa Thika. Asubuhi tulikuwa bado Ruiru, wala sikuwa na hakika kwamba tungetoka.

Jana mama mkwe wangu alikuja kumpapasa binti yake tumbo, kwa kuwa mwezi wa tisa wa mimba umeingia, naye amezalisha wanawake wengi. Kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, mwanamume na mama mkwe wake huoneana haya, na mambo ya tumbo hayatajwi baina yao. Kwa hiyo alipotoka jikoni alisimama uani, akanipa mgongo, akasema na kuku.

"Wewe kuku, kama una jogoo mwenye masikio, mwambie mtoto amelala kukingama. Kichwa kiko ubavu wa kulia, miguu iko kushoto. Nimemsukuma kwa mafuta, amekataa. Huyo hana mlango wa kutokea. Mama apelekwe Thika kabla uchungu haujaanza."

Nami nikamjibu kuku huyo, kwa heshima zote, kwamba jogoo amesikia.

Nilielewa. Mtoto anayetanguliza kichwa huja kwa njia yake. Anayetanguliza matako huja kwa taabu, lakini mara nyingi huja. Aliyekingama hukwama, na mama yake hukwama pamoja naye.

Katika Hali hii ya Hatari iliyotangazwa na serikali, hakuna atokaye kijijini mwetu bila kibali. Niliketi mara moja, nikaandika ombi. Sikusoma zaidi ya darasa la pili. Mengine nilijifundisha mwenyewe, na leo watu hutoka hata Murera kuja kuniomba niwaandikie. Ninasema haya bila majivuno, kwa kuwa ni kweli.

Ombi lilikuwa safi. Nilimweleza hedimani, mkuu wa kijiji mwenye kutoa vibali, kwamba mke wangu "yu katika hali ya ujauzito, nayo hali hiyo yahitaji uangalizi wa karibu." Namna mtoto alivyolala sikuitaja. Hedimani ni rika la marehemu baba yangu, na mwanamume mwenye adabu hamwelezi mzee kama huyo habari za tumbo la mkewe.

Alilisoma leo asubuhi mbele ya foleni nzima, polepole, kama mtu anayeonja uji.

"Umeandika vizuri, kijana wangu. Lakini wanawake wote wa hapa huzaa. Wako ndiye wa kwanza duniani?"

Watu wakacheka. Akaniambia nirudi Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa mbali mno.

Niliivua kofia yangu. "Baba," nikasema, "kichwa cha mtoto kiko hapa," nikaugusa ubavu wangu mwenyewe, "na miguu yake iko hapa. Uchungu ukianza kabla hatujafika Thika, nitazika watu wawili."

Kicheko kilikatika. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti: "Ngai! Amekingama huyo! Mpe mtu karatasi yake aende!"

Hedimani hakunitazama. Aligonga muhuri, akanisukumia kibali. "Ungesema hivyo ulipoingia," akasema kwa upole.

Ndani ya gari moshi Wanjiru alikaa akiegemea begani mwangu, kanga imefunika tumbo.

"Kwa hiyo Ruiru nzima sasa inajua alivyolala mtoto wangu."

"Inajua."

"Basi na watuombee sawasawa. Wasije wakaomba kijumla kama wewe."

Alicheka hadi akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu jana.

Hospitalini mkunga alimpapasa, akakuta vilevile alivyosema mama mkwe: kichwa kulia, miguu kushoto. Kesho daktari atajaribu kumgeuza kwa mikono, kwa nje. Akikataa, mama atapasuliwa na mtoto atatolewa kwa njia hiyo. Mkunga alinieleza hayo yote akinitazama usoni, nami sikuinamisha macho.

Siujutii uandishi wangu. Ombi lile halikuwa na kosa hata moja la lugha; lilikosa tu jambo lenyewe. Heshima ni kitu chema, lakini leo nusura nimfungie mwanangu njia kwa heshima.

Je, atageuka? Sijui. Nina imani, kwa kuwa yupo mahali penye mikono inayojua kazi yake. Lango la wodi hufunguliwa asubuhi, nami nitakuwa hapo mapema. Yeyote atakayeniuliza mke wangu ana nini, nitamwambia.